Wacha Ikule Majani ya Chini

Wewe mwenye mkwe, na wewe mwenye ng'ombe, na hasa wewe uliyejaliwa vyote viwili, soma hii mpaka mwisho kabla hujaingia shambani. Yaliyompata Rispah wa Naitiri yanaweza kukupata hata kesho asubuhi, na jirani yako atacheka mpaka ashike ukuta.

Ilikuwa mwaka wa elfu mbili na nane. Watu walikuwa wametoka kuchomeana nyumba kwa ajili ya kura, na walipochoka kuchomeana wakakumbuka kwamba kumbe ni msimu wa kupanda. Mbolea haikuwepo. Iliyokuwepo, ukiuliza bei, mwenye duka alikuambia uketi kwanza. Rispah aligawana mfuko mmoja na akina mama sita wa kanisani, akarudi nyumbani na kadebe, akapanda kwa kijiko cha chai: kijiko kimoja kwa mashimo mawili, kama mtu anayewatilia sukari wageni asiowapenda.

Shamba lake ni ekari moja, ndefu na nyembamba. Nusu iko upande wa barabara, nusu inateremka upande wa mto. Hiyo ekari ndiyo ugali wa watoto wanne waliobaki nyumbani, na wa Rispah mwenyewe, na wa mumewe Wanyonyi, mlinzi wa ghala Bungoma mjini, ambaye huja mwisho wa mwezi akiwa na njaa ya mwezi mzima. Ekari ikikataa, hakuna pengine.

Mwezi wa sita, mahindi yakiwa yamefika kiunoni, majani ya chini yakaanza kugeuka manjano. Manjano ilianzia kwenye ncha ya jani, ikaingia katikati kama ulimi, ikashuka polepole kuelekea kwenye shina. Juu, kijani. Chini, manjano.

Sasa, Rispah ni mama wa wasiwasi. Mtoto akikohoa mara moja, yeye tayari anawaza nani atapika kwenye matanga. Alisimama kwenye mstari wa kwanza, mikono kichwani, akamwita jirani yake Sellah, mwanamke mwenye sauti inayofika Tongaren bila simu.

Sellah akaja, akaangalia, akatema mate pembeni.

"Hiyo ni ugonjwa, mama Nelima. Ng'oa yote yenye imeshika, uchome, kabla haijaruka ikuje kwangu."

"Ning'oe yote? Si nitabaki na udongo tu?"

"Basi ngoja ikufe yenyewe. Mimi ni mdomo tu, shamba ni yako."

Usiku ule Rispah hakulala, maana mambo yalikuwa mawili. Ng'ombe wake pia alikuwa na neno. Alikuwa amepelekwa kwa dume mara tatu, na mara tatu alirudi kama alivyokwenda, anatafuna tu, tumbo tupu. Ng'ombe hajabeba mimba, mahindi yana manjano. Asubuhi akaamua kumtumia ujumbe binti yake Nelima, aje na mumewe.

Hapo ndipo penyewe. Nelima, kifungua mimba, alikwenda Kitale kujifunza ushonaji, akajifunza na kuolewa pia. Mumewe ni Naim, kijana wa mtaa wa Tuwan, Mwislamu, babu yake alifika Kitale na mzigo wa nguo begani na hakurudi alikotoka. Hilo la dini Rispah alilia wiki moja, akamaliza. Lililomkosesha raha ni kazi ya huyo kijana. Naim aliajiriwa kwenye kituo kimoja cha mbegu nje ya mji, ndani ya nyumba ya plastiki, na kazi yake ilikuwa kutunza mimea inayonyimwa chakula makusudi. Anaimwagilia maji matupu, anaandika siku ambayo kila mmoja unaanza kuteseka.

"Mtu analipwa kunyima mimea chakula," Rispah aliwaambia akina mama kanisani, "ataweza kulisha mtoto wa mtu kweli?"

Lakini mimea anaijua, hilo hata yeye alikubali. Shida ilikuwa moja. Kwa watu wa Rispah, mama mkwe na mkwe wa kiume hawatazamani usoni, hawasemezani, hawapishani mlangoni. Wakikutana njiani, mmoja anaingia kwenye ua wa watu. Mpaka zawadi zitolewe na mila ifunguliwe, ni hivyo, na Naim alikuwa hajatoa zawadi yoyote, maana hakujua kama zinahitajika. Yeye, Mungu amhurumie, alikuwa anataka tu kumsalimu mama kwa mkono.

Walipofika Jumapili mchana, Rispah aliwaona kwa mbali, akaingia jikoni mbio, akasukuma mlango ukabaki ufa. Nelima alikuwa anatapika kwa sababu ya mimba yake ya kwanza, akaenda kulala. Naim akaingia shambani. Kati ya jikoni na shamba ni hatua kama arobaini, na wa kuzitembea akawa Sellah, anayekwenda na kurudi kama mtu wa posta.

"Muulize hii manjano ni nini," Rispah akasema kupitia kwenye ufa. "Halafu, kwa heshima, umuulize ng'ombe imekataa kubeba, tufanye nini."

Sellah akaenda, akauliza yote mawili kwa pamoja bila kupumua. Naim alikuwa amechuchumaa, anageuza jani moja la manjano kama anasoma gazeti. Akacheka.

"Ng'ombe? Wah! Mimi ng'ombe naijua ikiwa kwa sahani, mama. Hiyo itafutie daktari yake. Lakini hii, mwambie asikuwe na wasi, na asing'oe. Hii iko na njaa tu, haiko na ugonjwa. Wacha ikule majani ya chini. Ikikula hiyo, itabeba, tena vizuri."

Kwa ile ya sahani, Sellah alicheka mpaka machozi, na akiwa bado anajifuta akarudi jikoni. Jibu la ng'ombe, na daktari wake, likapotea njiani.

"Amesema usikuwe na wasi," akatangaza, ulimi ukigeuza l kuwa r kama kawaida yake akichangamka. "Mahindi usiing'oe. Ati iko na njaa tu. Wacha ikure majani ya chini. Ikikura hiyo, itabeba."

"Kura gani tena, Sellah? Si tumetoka kuzikana juzi?"

"I-ku-le! Chakura! Ama huskii?"

"Aaa. Ikule majani ya chini, itabeba. Kumbe ni njaa tu ilikuwa inaisumbua maskini."

Umeona ilipokwama? Mwalimu wa darasa la nne alitufundisha vizuri kabisa kwamba mahindi *yale* na ng'ombe *ale*, kila kitu na kiatu chake. Lakini sisi huku tukitoka darasani tunavaa gambuti moja kwa miguu yote. Mahindi ikule. Ng'ombe ikule. Hata askofu akija, ikule. Na mahindi yakitoa mtoto wake ubavuni tunasema imebeba, na ng'ombe akishika mimba tunasema imebeba. Naim alisema mahindi. Rispah akasikia ng'ombe. Na hakuna aliyedanganya.

Jumatatu, kabla umande haujakauka, Rispah aliingia na kikapu upande wa barabara. Alichuma majani ya chini, ya manjano na yaliyokaribia manjano, na mengine ya kijani kwa sababu mkono ukishazoea hauchagui. Akampelekea ng'ombe. Ng'ombe akala kama bibi harusi aliyefunga wiki nzima. Jumanne vivyo hivyo. Wiki mbili nzima Rispah alivua mahindi nguo za chini mstari kwa mstari, mpaka nusu yote ya barabara ikabaki inasimama kama vijana wa kukimbia mbio, miguu mitupu. Upande wa mto hakuufikia. Majani ya mahindi yana makali, mikono yake ilikuwa imekatwakatwa kama ya mtu aliyepigana na paka, na ng'ombe mwenyewe alianza kunenepa na kumdharau.

Halafu mvua ikakata.

Wiki ya kwanza watu walisema itarudi. Wiki ya pili waliacha kusema. Upande wa barabara, mahindi yalikuwa yametoa maua juu, na ndevu zikaanza ubavuni, zikasimama hapo hapo, nyembamba, kavu. Majani ya juu, yale machanga, nayo yakaanza kufifia na kukunjika kama sigara. Upande wa mto majani ya chini yalikuwa yamekauka kabisa, yananing'inia kama magazeti ya mwaka jana, lakini juu palikuwa kijani, na mahindi machanga yamevimba ubavuni, unayashika unasikia uzito.

"Ni maji ya mto," Rispah akasema. "Huko chini kuna unyevu." Na alipofika kwenye mstari wa kumi wa barabara, akamenya hindi moja na kukuta kitu cha ukubwa wa kidole gumba, punje sita, akakaa chini kwenye vumbi. Watoto wanne. Punje sita.

Sellah akamkuta hapo.

"Ni yule mkwe," Rispah akasema. "Mimi nilifanya kila kitu alisema. Amezoea kuua mimea ya serikali, sasa amekuja kuua yangu."

"Enda umuulize."

"Nimuulize aje na sitakiwi kumuona?"

"Funika kichwa. Kwani utamuuliza kwa macho?"

Rispah akasimama, akajipangusa. Uchungu ukimshika mtu hutoa amri za ajabu. "Mimi kesho naenda Kitale. Hii imekufa, na ile ya mto pia itakufa tu. Chukua kikapu, uvune majani ya chini yote upande wa mto, ulishe ng'ombe yangu na yako. Heri tukose ugali tukunywe maziwa."

Sellah hakuhitaji kuambiwa mara mbili.

Ijumaa, saa saba hivi, Rispah alikuwa Tuwan, ameketi kwenye chumba cha binti yake, leso imefunika kichwa na uso wote, akitazama ukuta. Nelima, tumbo limeanza kutokeza, alimletea chai na kumwomba kwa upole ageuke asiongee na kalenda. Hakugeuka. Naim akaingia kutoka msikitini, akasimama ghafla mlangoni.

"Mama! Karibu sana. Shikamoo."

"Usinisalimie. Ongea na ukuta, mimi pia naongea na yeye. Ukuta, muulize huyu kijana: mahindi yangu ilimkosea nini?"

"Mahindi? Si nilisema itabeba?"

"Ulisema ikikula majani ya chini itabeba. Nimeilisha wiki mbili! Nimechuma mpaka mikono imekuwa hivi." Akatoa mkono mmoja nje ya leso, ukaonekana, ukarudi ndani. "Na haijabeba! Imenenepa tu, matako kama ya waziri!"

Naim akamtazama mkewe. Nelima akamtazama mumewe.

"Nini imenenepa, mama?"

"Ng'ombe!"

"Ng'ombe imeingiaje hapa?"

"Si wewe ulisema ikule?"

"Nilisema *mahindi* ikule!"

"Mahindi ikule nini? Mahindi iko na mdomo?"

"Majani yake ya chini! Ijikule yenyewe!"

Kwa mbali mtu alikuwa anauza samaki kwa kipaza sauti. Nelima aliweka mkono mdomoni, na mabega yake yakaanza kutikisika, na Rispah akasikia hata bila kuona.

"Cheka, Nelima. Cheka vizuri. Ndugu zako watakula hicho kicheko."

Naim akavuta kigoda, akakaa akiutazama ukuta ule ule, bega kwa bega na mama mkwe, leso katikati.

"Mama, sikiza. Mmea hauwezi kuenda kwa jirani kuomba unga. Umefungwa hapo hapo. Sasa ukikosa chakula, kama hivi hamkuweka mbolea ya kutosha, unafanya kitu kimoja: unajila. Kila jani limejengwa kwa vyumba vidogo, hata macho haioni. Ndani ya chumba kuna vyombo vya kazi, vingine vimezeeka, vimevunjika. Njaa ikiingia, chumba kinashona kifuko kidogo, kinazungushia hivyo vitu vizee, kinavipeleka kwa tumbo lake. Huko vinasagwa. Kile kinapatikana kinapandishwa juu kwa jani changa, na kwa hindi lenyewe."

"Kwa hivyo manjano…"

"Manjano ni jani la chini linahamisha mali. Halijaoza, linapeleka chakula kwa watoto. Hata jua kali likija, hivyo ndivyo linavumilia, linasafisha vile vimeharibika, linatumia tena. Daktari wetu pale kazini alituambia huko ng'ambo kuna kimmea kidogo jamaa ya haradali, wamekitoa huo uwezo wa kujila makusudi. Ukikinyima chakula pamoja na wenzake, chenyewe ndicho kinakufa kwanza."

Chini ya leso, Rispah alihesabu mistari ya barabara kwa vidole. Alikuwa amemaliza darasa la saba, na tangu siku hiyo hakuna mtu aliyemweleza kitu polepole hivi.

"Kwa hivyo nimeng'oa ghala," akasema hatimaye.

"Ulipeleka ghala kwa ng'ombe, mama."

"Usiniongezee. Na ile ya mto? Ile bado iko na majani ya chini, yamekauka kama karatasi, lakini imebeba."

"Hiyo imejila ikamaliza. Ikikauka kabisa jani halina kitu tena, hilo unaweza kupea ng'ombe. Lakini juu yake kuna mengine yanaanza manjano saa hii, sivyo? Hayo ndiyo yanajaza hindi sasa. Hayo usiguse hata moja. Hiyo nusu ndiyo chakula chenu."

Leso ikaruka.

"Sellah!" Rispah akapiga kelele, na wakati huo alikuwa amesimama, kichwa wazi, anamtazama mkwe wake machoni bila kujua. "Nimemwambia Sellah avune yote! Leo! Saa hii yuko huko!"

Naim akatoa simu, akapiga. Ililia mpaka ikakaribia kukata, halafu sauti ya Sellah ikajaa chumba chote bila haja ya spika.

"Haloo? Nani?"

"Mama, ni Naim! Sikiza, ile majani usiguse! Wacha ikule!"

"Inakura!" Sellah akajibu kwa furaha. "Usijari bana, inakura vizuri sana! Zote mbiri!"

"Hapana, hapana, wacha *ikule*!"

"Si nakwambia inakura!"

Rispah akainyakua simu mkononi mwa mkwe wake, akaibana mdomoni kama hindi la kuchoma.

"Sellah! Ni mimi! Fungua masikio! MAHINDI ndiyo itakula majani ya MAHINDI! NG'OMBE isikule kitu! Ng'ombe ifunge saumu! Umeshika?"

Ng'ombe mmoja alisikika akilia kwa mbali, huko Naitiri.

"Mahindi itakura aje majani yake?" Sellah akauliza.

"Weka kikapu chini! Umefika wapi?"

"Mstari ya tisa."

"Toka kwa shamba! Toka sasa hivi, rudi nyuma nyuma, usiguse hata moja!"

Alipomrudishia Naim simu ndipo alipogundua. Uso ulikuwa pale pale mbele yake, kijana wa kawaida tu, pua ndefu kidogo, mwanya kwenye meno ya juu, jasho kwenye paji. Rispah hakupiga mayowe. Akatafuta leso, akaiona chini ya meza, akaiacha huko.

"Basi nimeshakuona," akasema. "Utaleta blanketi na kondoo, tusilaaniwe. Na blanketi isiwe ile nyepesi."

"Nitaleta, mama."

"Na sasa niambie naongeza nini kwa hiyo nusu. Kujila peke yake inatosha?"

"Haitoshi. Kujila ni ya kuvumilia, si ya kushiba. Mkojo wa ng'ombe, changanya na maji mara kumi, mwagia chini kando ya shina, si kwa majani, na umwage wakati ardhi iko na unyevu. Hiyo ng'ombe imekula mahindi yako, sasa irudishe."

Jioni ile ile Rispah alikuwa Naitiri, anatembea upande wa mto akihesabu mistari. Mistari minane ilikuwa imevuliwa yote, wa tisa nusu. Ishirini na mitatu ilikuwa mizima. Sellah alisimama pembeni, mikono nyuma kama mtoto aliyevunja sahani, na kwa mara ya kwanza tangu wawe majirani alinyamaza kwa zaidi ya dakika moja.

Mvua ilirudi siku ya tano, haba, lakini ilirudi. Rispah alisimama nyuma ya ng'ombe na ndoo ya mkojo asubuhi na jioni, kitu ambacho mtu mzima hafanyi bila sababu, na watu waliopita barabarani walifikiri amechanganyikiwa. Hakuna aliyeruhusiwa kuingia ile mistari ishirini na mitatu, hata kuku. Sellah akija kuomba majani alipewa yale tu yaliyokauka mpaka yanalia mkononi, na alihesabiwa.

Walivuna mwezi wa kumi na moja. Upande wa barabara ulitoa magunzi ya kuchezea watoto, na punje za kuku wiki tatu. Mistari minane na nusu ya Sellah haikufanya vizuri zaidi. Ile ishirini na mitatu ilijaza. Si mahindi ya maonyesho, mafupi, lakini yamepanga punje mpaka ncha. Rispah aliyapeleka ndani mwenyewe, hakumwachia mtu.

Yalifika mpaka mwezi wa nne mwaka uliofuata, kwa kupima, kikombe kwa kikombe, usiku tu. Mchana walikula viazi vitamu na mboga. Nyumba tatu za jirani zilikuwa zimeanza kutuma watoto kwa shangazi zao tangu Januari. Wa Rispah walikuwa nyumbani wote wanne, wamekonda kidogo, wanapigana kila jioni juu ya nani anakwangua sufuria.

Mwisho wa mwezi wa tatu Wanyonyi alirudi kutoka Bungoma, akakaa mezani, akafunua sahani, akashusha pumzi.

"Ugali na sukuma tena, mama Nelima? Kila nikija?"

Rispah akavuta sahani ile, akaisukuma kwa watoto, ikaisha kabla Wanyonyi hajafunga mdomo. Kisha akachukua mwiko, akampakulia mumewe nyingine, ndogo kuliko ya kwanza.